Koneksheni ya TCP inakaa wapi kama IP haina koneksheni?

dogo_wa_netiweki: Wakuu habari za jioni, tuna mtihani wiki ijayo na kuna kitu kinanichanganya. Notisi zinasema kwenye TCP/IP (kanuni zinazoendesha intaneti) leya ya mtandao, ile ya kupeleka pakiti, ni IP na haina koneksheni, alafu TCP inayokaa juu yake ndo ina koneksheni. Lekchara katoa mfano wa simu (yenye koneksheni) na barua (isiyo nayo) ndo kanimaliza kabisa, sasa simu inapigwaje juu ya barua?

mzee_wa_ruta: Hahaha ndivyo ilivyo dogo. Hiyo koneksheni haipo kwenye waya wala kwenye ruta, ipo kwenye memori ya mashine mbili za mwisho basi. Unatuma SYN (ombi la kufungua), inarudi SYN-ACK (limekubaliwa), unajibu ACK (nimepata), hapo kila upande umeshajua mwenzake anaanza kuhesabu baiti kutoka namba ngapi. Baada ya hapo pakiti zinaenda kila moja kivyake, hii ipite huku ile kule nyingine ipotee, ruta haina habari, TCP ya upande wa pili ndo inazipanga na isiyothibitishwa inatumwa tena.

binti_lab: Naongezea, X.25 ya 1976, kanuni ya zamani ya mitandao ya data, ilikuwa kinyume, njia inafunguliwa kwanza na kila swichi inaikumbuka, swichi ikifa na koneksheni imekufa. Watu wa simu waliipenda hiyo, wakati Louis Pouzin kule Ufaransa na mtandao wake wa CYCLADES alikuwa upande wa datagramu, yaani kila pakiti inajiendea kivyake. OSI, ile modeli ya leya saba, ikabeba ugomvi wote: leya ya mtandao ikaruhusu aina zote mbili, ya usafirishaji mwanzoni ikawa ya koneksheni tu. TCP/IP imegeuza, chini hakuna koneksheni, juu unachagua TCP au UDP isiyo na koneksheni. Hilo swali wanalipenda sana.

dogo_wa_netiweki: Aisee nimeelewa. Sasa UDP ya nini kama pakiti ikipotea hakuna anayejali?

mzee_wa_ruta: DNS hiyo hapo, ile ya kugeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP. Swali dogo jibu dogo, ukianza na SYN umepoteza mzunguko mzima wa kwenda na kurudi kabla hata hujauliza. Hedi (maelezo ya mbele ya pakiti) ya UDP baiti 8, ya TCP inaanzia 20. Jibu lisipokuja unauliza tena, likiwa kubwa mno unahamia TCP.

binti_lab: Na QUIC je, itifaki ya usafirishaji ya 2021, inayobeba HTTP/3 ya kurasa za wavuti? Inapanda juu ya UDP alafu inajitengenezea koneksheni yake yenyewe huko juu 😂 Ila kama wameomba jedwali la OSI na TCP/IP usiiguse, utamchosha msahihishaji.