Maganda ya risasi kutoka Salaita: alama za kitakoni zinasomwaje?

Mwalimu_Taveta

Waungwana, salaam. Mzee mmoja wa hapa kijijini ameniletea maganda matatu ya risasi aliyoyaokota alipokuwa akilima karibu na kilima cha Salaita, na angependa kujua ni ya nani na ya miaka gani. La kwanza lina ukingo uliotokeza kitakoni. Nasoma herufi K, kisha pamelika, halafu 14 na VI. La pili halina ukingo wa namna hiyo bali mfereji mwembamba unaolizunguka, na limegongwa P, 67, 11 na 13. La tatu ni nene, urefu wake milimita 60 na mdomo wake milimita 11 hivi, lakini herufi sizioni. Je, la pili ni la mwaka 1967? Na la kwanza naweza kusema lilifyatuliwa na Mwingereza?

Mpima_Shaba

Mwalimu, kabla ya yote hakikisha kwamba yote matatu ni maganda matupu na kwamba fataki iliyo katikati ya kitako ina kishimo cha pini ya bunduki. Risasi ambayo bado ina kichwa chake haisuguliwi wala haichokonolewi, hata ikiwa imekaa ardhini miaka mia. Iacheni pale pale, mkawaarifu polisi.

La pili ni la Kijerumani, la bunduki ya Mauser ya milimita 7.92. Tarakimu 67 si mwaka: inaeleza kwamba shaba njano ya ganda hilo ina sehemu 67 kwa mia za shaba nyekundu, na imewapoteza wengi. Tarehe yako ni 11 na 13, yaani Novemba 1913, na P ni kiwanda cha Polte, Magdeburg.

La tatu, kwa vipimo hivyo, ni la Mauser ya mwaka 1871, iliyotumia baruti nyeusi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani huku kwetu walikuwa bado na bunduki hiyo, na moshi wake ulikuwa ukiwafichua kila walipofyatua.

La kwanza ni la bunduki ya Kiingereza ya .303 (kipenyo kwa inchi). VI ni toleo la sita, lenye kichwa cha mviringo. VII, lenye kichwa kilichochongoka, lilikubaliwa mwaka 1910, ila la sita liliendelea kutumika. Hapo palipolika ndipo penye jibu. K peke yake ni Kynoch wa Birmingham. K na F zenye mshale katikati ni kiwanda cha serikali cha Kirkee, India. Usitumie tindikali wala msasa. Osha kwa maji na brashi laini, kausha, kisha mulika tochi kutoka ubavuni ili kivuli kiingie katika mikwaruzo ya herufi.

Msomaji_wa_Vita

Naongeza neno kuhusu swali la mwisho, maana hapo ndipo watu hukimbilia hitimisho. Alama za kitakoni zinamtaja aliyetengeneza risasi, hazimtaji aliyeifyatua. Waingereza waliposhindwa Tanga mwezi Novemba 1914, waliacha bunduki kwa mamia na risasi zipatazo 600,000, na Wajerumani wakazitumia. Kwa hiyo ganda la .303 lililookotwa kwenye mahandaki ya Wajerumani huenda lilitoka katika bunduki ya askari wao wenyewe.

Mwaka uliogongwa una manufaa zaidi. Wajerumani walishika Taveta Agosti 1914 na kuondoka Salaita Machi 1916. Katika muda huo shehena kubwa ya risasi iliyowafikia kutoka kwao ni ile ya meli Rubens, iliyoingia ghuba ya Manza Aprili 1915. Meli ya pili, Marie, ilifika Sudi, kusini kabisa, Machi 1916. Ganda la Kijerumani la mwishoni mwa 1915 likidaiwa kutoka Salaita, mimi ningemuuliza aliyeliokota mara mbili ni wapi hasa alilikuta. La kwako la 1913 halina shida.

Mwalimu_Taveta

Ahsanteni sana. Nimeliosha na kulimulika ubavuni kama nilivyoelekezwa: mshale unaonekana, na mguu wa F pia.

Mpima_Shaba

Basi ni Kirkee, na hilo linaafiki, kwa kuwa vikosi vya India vilipigana upande huo wa mpaka. Mwombe mzee akuoneshe mahali alipookota kila ganda, uandike kama ni upande wa mashariki wa kilima au juu kwenye mahandaki, na umbali kati yao kwa hatua. Maandishi hayo, pamoja na picha za vitako zenye rula kando, wapelekeeni Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mengine yakionekana shambani, yapigwe picha kwanza kabla ya kuinuliwa.