Kulinganisha idadi ya watu kwa mikoa ya Tanzania, 1967 hadi 2022: nishike mipaka ipi?

Mchora_Jedwali
Wakuu, habari za kazi. Natengeneza jedwali moja la idadi ya watu kwa mikoa ya Tanzania Bara, kwa sensa zote sita: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Tatizo ni kwamba mikoa inazaliwa katikati. Arusha ilikuwa na watu takriban milioni 1.35 mwaka 1988, halafu 2002 imeshuka hadi milioni 1.29. Najua Manyara imetoka humo. Ila mikoa mingine ilikatwa kutoka wapi na mwaka gani? Na nikishajua hilo, nazipangaje takwimu zangu?

Kabati_la_Ramani
Mkuu, mwaka 1963 Bara ilikuwa na mikoa 17, na sensa ya 1967 ilihesabu kwa mipaka hiyo. Lindi ilitoka Mtwara mwaka 1971. Dar es Salaam ilitengwa na Pwani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Rukwa ikaundwa mwaka 1974. Sensa ya 1978 ikakuta mikoa 20, na ya 1988 vilevile. Ziwa Magharibi usiuhesabu kama mkoa uliofutwa: ni Kagera, umebadilishwa jina tu mwaka 1979 baada ya vita.

Manyara ni ya 2002 na imo kwenye sensa ya mwaka huohuo. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zilitangazwa Machi 2012, miezi michache kabla ya sensa ya Agosti, kwa hiyo nazo zimo. Songwe ilikuja 2016. Ukifungua majedwali ya 2012 hutaikuta. Watu wake wako ndani ya Mbeya.

Rukwa na Geita ziangalie kwa makini, kwa sababu hazikutoka kwenye mkoa mmoja. Rukwa ilichukua Sumbawanga kutoka Mbeya na Mpanda kutoka Tabora. Geita ilichukua sehemu kubwa kutoka Mwanza, Bukombe kutoka Shinyanga, na Chato kutoka Kagera. Simiyu nayo ni Shinyanga kwa sehemu kubwa, lakini Busega ilikuwa sehemu ya Magu, mkoani Mwanza.

Hesabu_za_Kata
Kutokana na hayo, njia salama ni kuunganisha, si kugawa. Chukua mikoa yote iliyowahi kupeana ardhi tangu 1967, uihesabu kama eneo moja kwa miaka yote sita. Utabaki na maeneo 14.

Arusha pamoja na Manyara. Mtwara na Lindi. Pwani na Dar es Salaam. Iringa na Njombe. Kisha mafungu mawili makubwa: Mwanza, Shinyanga, Kagera, Geita na Simiyu ni moja, Mbeya, Tabora, Rukwa, Katavi na Songwe ni jingine. Minane iliyobaki (Tanga, Morogoro, Kilimanjaro, Mara, Dodoma, Singida, Ruvuma, Kigoma) inasimama yenyewe.

Arusha yako itakaa sawa. Mwaka 2002 Manyara ilikuwa na watu takriban milioni 1.04, ukijumlisha unapata kama milioni 2.33 dhidi ya milioni 1.35 za 1988, yaani ongezeko la karibu asilimia 3.9 kwa mwaka. Ule upungufu haukuwa wa watu hata kidogo.

Kitu kinachoharibu kazi za wengi ni kugawa idadi ya zamani kwa ukubwa wa eneo. Watu hawakai kwa usawa. Katavi ina hifadhi ya taifa kubwa isiyo na makazi. Ukigawa Rukwa ya zamani kwa kilomita za mraba utaipelekea Katavi watu ambao hawakuwepo.

Mchora_Jedwali
Nashukuru sana. Mafungu 14 yanatosha kwa jedwali kuu. Ila msomaji wangu mmoja anataka Shinyanga ya leo peke yake, kurudi hadi 1988. Inawezekana?

Hesabu_za_Kata
Inawezekana, ila lazima ushuke wilayani. Shinyanga ya leo ni Kahama, Kishapu, na Shinyanga mjini na vijijini. Kwa 2002 ni rahisi: chukua wilaya hizo, acha Bariadi, Maswa, Meatu na Bukombe. Kwa 1988 Kishapu haikusumbui, maana ilikuwa ndani ya Shinyanga Vijijini na bado inabaki kwako. Ugumu uko Kahama. Bukombe ilikatwa kutoka Kahama baadaye, kwa hiyo Kahama ya 1988 ina watu ambao leo ni wa Geita. Tafuta jedwali la kata la 1988, orodhesha kata zilizohamia Bukombe, utoe moja baada ya nyingine. Jihadhari na kata zilizogawanywa katikati: jina linabaki lilelile huku eneo limepungua. Linganisha orodha ya vijiji, si jina la kata.

Kugawa Mbeya ya 2012 ni kazi ya namna hiyohiyo. Mbozi, Momba, Ileje na mji wa Tunduma unazihamishia Songwe nzimanzima. Chunya peke yake ndiyo ya kupasua kata kwa kata, kwa sababu Wilaya ya Songwe ilitoka humo.

Kabati_la_Ramani
Nyongeza, kama utashawishika kurudi hadi sensa ya 1957. Wakati huo yalikuwa majimbo manane ya kikoloni: Ziwa, Magharibi, Kati, Kaskazini, Tanga, Mashariki, Kusini, na Nyanda za Juu Kusini. Ziwa Magharibi ilitengwa na Ziwa mwaka 1959. Mafungu 14 hayafanyi kazi hapo: Kahama ilikuwa Jimbo la Magharibi pamoja na Tabora na Kigoma, na Ufipa pia, kabla haijapelekwa Mbeya na hatimaye Rukwa. Anza moja kwa moja na wilaya, na kila wilaya uipe safu ya mkoa wake kwa kila mwaka wa sensa.