Naomba ushauri: nimwonyeshe mwanangu filamu hii sasa, au ningoje?

Salaam ndugu zangu. Niko Lamu, mtaa wa Langoni, na mwanangu ana miaka 12. Natamani aione Stand by Me, filamu ya Rob Reiner ya mwaka 1986: wavulana wanne wanafuata reli huko Oregon kutafuta maiti ya kijana aliyepotea. Niliiona nikiwa rika lake, kwenye kibanda cha video, tumebanana jamvini. Chris, mmoja wa wale wavulana wanne, alipolia usiku ule msituni, rafiki yangu alinishika mkono, kimya. Mwaka uliofuata kwao walihamia Malindi, hatujaonana tena. Mpaka leo nikiitazama koo hunikaba.

Shida ni matusi na sigara, vimejaa. Mamake hataki kabisa. Nikae na mwanangu nikimweleza, au ningoje? Mliolea wavulana, mlifanyaje?