Mwaka umekatika, kitu gani cha kawaida kimebadilika kwenu bila nyie kushtukia? (wa Nyanda za Juu Kusini karibuni)

Mtoto wa Nsalaga:
Habari zenu wadau, hasa wa huku kwetu Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Jana nilikuwa nafuta mapicha maana simu imejaa, nikakutana na picha niliyompiga mwanangu mwaka jana mwezi kama huu, kasimama kituoni na kiroba cha viazi. Nyuma yake kuna ule mti mkubwa wa mlingoti, chini ya mlingoti kuna kibanda cha mama wa chai. Leo nimepita palepale nikasimama makusudi, mti hakuna, kibanda hakuna, na kituo chenyewe kimesogezwa mbele.

Ni hii barabara ya njia nne inayotanuliwa kutoka Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29, na tuliililia wenyewe miaka mingi maana malori ya Zambia na Kongo, daladala, bajaji, bodaboda na wanafunzi wote tunagombania njia moja, ukitoka Uyole kwenda Mwanjelwa asubuhi unaweza kukaa kwenye foleni mpaka chai uliyokunywa iishe tumboni. Kwahiyo barabara naitaka na naishukuru. Ila kilichonichoma ni kwamba napita pale kila siku ya Mungu na siikumbuki kabisa siku mti ulipoondoka.

Ndo nauliza, kwenu ni nini? Misiba, harusi, kupata kazi hayo mtu huwezi kusahau, nataka yale madogo ya nyumbani na mtaani yaliyobadilika taratibu mpaka ukaja kushtuka yameshakuwa.

Dada wa Gangilonga:
Kamwene. Kwetu Iringa ni jiko.

Mdogo wangu alimletea mama mtungi wa gesi ule wa kilo 6 mwezi wa pili. Mama hakuugusa karibu wiki tatu, kaufunika kitenge pembeni ya kabati la vyombo, anaogopa utalipuka. Halafu siku moja kaamka na haraka zake akachemshia chai, kesho tena chai, baadae mayai, baadae mboga, maharage mpaka leo ni ya mkaa maana anasema yakipikwa kwa gesi yanakula hela. Gunia la mkaa lililokuwa linaisha mwezi sasa hivi linafika miezi mitatu. Na kile kikohozi chake cha asubuhi ambacho tulishakizoea kama jogoo kimepungua sana, hilo namshukuru Mungu na mdogo wangu.

Sasa cha kushtukiza kilikuja mwezi wa sita. Mnaijua baridi yetu. Miaka yote sisi jikoni ndo palikuwa sebule, mnakaa kwenye vigoda mnalizunguka jiko, baba anageuza mahindi kwenye makaa kwa vidole vyake vile vigumu, anahadithia habari za kazi zake za zamani huko kwenye mashamba ya chai Mufindi, hadithi tunazijua zote mpaka tunamsahihisha. Mwaka huu ugali umeiva ndani ya muda mfupi, kila mtu kachukua sahani yake, kachukua blanketi, kaenda chumbani na simu. Hakuna aliyekosana na mtu. Mwezi wa saba katikati ndo nikajiuliza mbona sijamsikia baba akihadithia kitu chochote tangu baridi imeanza, kumbe mzee akishakula saa mbili yuko kitandani.

Nikawasha jiko la mkaa. Sikuwa na cha kupika, nikabandika sufuria la maji tu. Haikupita robo saa baba akatoka na kigoda chake, akakaa, akanyoosha mikono kwenye moto, hata hakuuliza tunapika nini. Tangu hapo mara mbili tatu kwa wiki nawasha.

Muuguzi Mafinga:
Dada umenitoa machozi ila naomba nikuombe kitu na wengine wote msome. Hilo jiko muwashie sehemu yenye hewa na lisiingie ndani ya chumba cha kulala hata kama mzee analalamika baridi. Huku kwetu kila msimu wa baridi hofu yetu ni hiyo hiyo, mtu anaingiza jiko chumbani, anafunga mlango na dirisha, analala. Mkaa ukishakolea hautoi moshi, ndo watu wanadhani ni salama, kumbe unatoa kaboni monoksidi, haina rangi haina harufu, ikiingia kwenye damu inakalia nafasi ya oksijeni. Kichwa kinauma, kichefuchefu, mwili unalegea, usingizi mzito, basi. Ukiona mmoja anaumwa kichwa ghafla mbele ya jiko mtoeni nje haraka kwenye hewa na mumuwahishe hospitali.

Dada wa Gangilonga:
Asante sana dada yangu, Mungu akubariki. Jiko letu liko nje, ni paa na kuta za nusu, upepo unapita. Lakini nitamwambia na jirani maana yeye ana mtoto mchanga na nimeona anaingiza.

Kijana wa Wanging'ombe:
Kwetu ni mahindi kuwa parachichi. Baba alitoa shamba lile la karibu na nyumba akapanda Hass ya kubebesha, huu ni mwaka wa nne, na mwaka huu ndo tumechuma za kueleweka. Hela imeonekana, sikatai, paa limebadilishwa. Ila zamani mwezi wa saba na wa nane ukoo mzima unajaa uani, mnapukuchua mahindi mpaka vidole gumba vinachubuka, kelele, watoto wanajenga nyumba za magunzi. Parachichi halitaki kelele. Unalikata kwa mkasi unaacha kikonyo kidogo, ukilinyofoa kwa mkono pale juu panabaki kidonda, linaanza kuozea hapo na mnunuzi analikataa. Baba yangu aliyekuwa anarusha magunia namuona siku hizi anashika tunda kwa mikono miwili analilaza kwenye kreti kama yai.

Na mama, aisee. Mwezi wa kumi na moja amenunua debe la mahindi sokoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Alirudi hakuongea na mtu mpaka jioni. Hela ilikuwepo, lakini kwake mkulima kununua mahindi ni kama kuomba chumvi kwa jirani kila siku.

Mama Tusa:
Si mngechanganya tu mwanangu, mahindi katikati ya miti?

Kijana wa Wanging'ombe:
Shikamoo mama. Miche ilipokuwa midogo tulikuwa tunaweka maharage katikati ya mistari, sasa hivi kivuli kimezidi. Nimemuomba baba ile robo ekari ya bondeni abakishe ya mama, amekubali, mvua hizi tumeshapanda.

Mama Tusa:
Marahaba, hapo umefanya la maana.

Mimi niko Tukuyu, watoto wangu wako Dar. Mwaka huu mjukuu amenifundisha kutuma sauti kwenye simu. Kuandika sikuweza, herufi ndogo. Sasa kila jioni natuma, Kinyakyusa changu kitupu, nawaambia ndizi zimefikia wapi, nani amejifungua. Mwanangu wa mwisho akaniambia mama rekodi ndefu, nikamuuliza ya nini, akasema nataka nisikie na mvua kwenye bati. Mnajua sisi huku mvua ndo saa yetu. Siku hizi ikianza kunyesha naenda kusimama karibu na dirisha ndo nabonyeza.

Isyesye Juu:
Mimi bajaji kufika mpaka getini. Mke wangu alikuwa anapanda na ndoo ya mchele kichwani kutoka lami. Hilo tu.

Mtoto wa Nsalaga:
Nimesoma zote, zingine mara mbili. Ndaga fijo, asante sana mama Tusa.

Leo baada ya kazi nikaenda kumtafuta yule mama wa chai. Yuko ng'ambo ya barabara, kajibanza pembeni ya gereji, chai ile ile ya tangawizi kali na chapati. Nikamuuliza mlingoti uliondoka lini. Akanijibu bila kufikiri, Jumanne, mwezi wa tatu, saa tano asubuhi, alikuwa anakanda unga. Mafundi walimwachia matawi akayakausha, akapikia chai karibu mwezi mzima.