Nimelipa kiingilio Bagamoyo nikaoneshwa kufuli

Wakuu, nimerudi jana jioni na mpaka sasa sijapoa.

Nilimchukua shangazi yangu, mwalimu mstaafu, na wanangu wawili, twende tukaone jumba la tajiri mmoja wa enzi za misafara, mlemle Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Jina la jumba naliacha. Getini tukalipa kiingilio. Risiti? "Mashine haina chaji." Hatua kumi mbele, kijana mwingine: hela ya kutembezwa ni kando. Ukitoa simu kupiga picha, nayo ina bei yake, elfu kumi. Nikalipa, nisiwaaibishe watoto.

Ndani sasa. Ghorofani kumefungwa, mwenye funguo yuko Dar. Chini kuna viti vya plastiki na mifuko ya saruji. Ule mlango wa nakshi, kitu pekee chenye hadhi pale, wameupaka rangi ya mafuta mpaka maua yamezibwa, wakatundika na kufuli la dukani. Mwanangu akaniuliza, "Baba, ndiyo hii?"

Kijana akaanza: "Hapa alilala David Livingstone, kwenye dirisha lile akitazama bahari." Shangazi akashusha miwani. "Mwanangu, Livingstone alikufa 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Bagamoyo aliletwa 1874 akiwa maiti, watumishi wake, kina Chuma na Susi, ndio waliomleta, akalazwa kule misheni. Bahari aliitazama kwa macho gani?" Kijana anacheka, "Mama nawe!"

Kilichoniuma zaidi, aliyeijenga nyumba hakutajwa hata mara moja. Nikasema labda wanawajua matajiri wengine wa hapa. Nikamuuliza habari za Sewa Haji, Mhindi wa hapahapa Bagamoyo aliyekuwa akitafutia misafara wapagazi na kuiuzia vitambaa na shanga, akatoa fedha zake kwa shule na hospitali. Hamjui! Jamani, wodi ya Sewahaji pale Muhimbili, humu nani hajawahi kupeleka uji? Mzungu aliyepita akiwa maiti anatungiwa kitanda na dirisha, tajiri wa mji huuhuu hana hata sentensi.

Wakati wa kutoka nikadai elfu kumi yangu ya picha, maana nimepiga picha ya kufuli. Akasema hela imeshapelekwa ofisini.

"Ofisi iko wapi?"

Akanyoosha kidole juu, ghorofani.