Mgonjwa wa saratani anyimwe mayai na samaki kwa sababu ya panya?

Wakuu, naleta hili tulijadili. Mama mdogo yuko Mwanjelwa, ana saratani ya utumbo mpana, yuko kwenye dawa. Jumapili nilimkuta na wali na mchicha. Yai alilochemshiwa na jirani lilikuwa pembeni ya sahani, limeshamenywa, analisukuma kwa kidole. "Mwanangu, nimeambiwa hili ndilo linalolisha uvimbe."

Aliyemwambia ni binamu yangu. Kasoma kwamba saratani inaishi kwa methionini, basi kapiga marufuku mayai, samaki, nyama, hata ufuta. Maharage karuhusu, kwa kuwa methionini yake ni kidogo (hapo hakukosea).

Binamu hakuokota jambo hili jalalani. Methionini ni asidi amino ambayo mwili hauwezi kuitengeneza, lazima tuile. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliishusha kwenye chakula cha panya kutoka asilimia 0.86 hadi 0.12, na uvimbe wa utumbo mpana uliotolewa kwa binadamu ukapunguza kasi ya kukua. Lakini panya gani? Uvimbe wa mtu haushiki kwa panya mzima, kinga yake inaukataa. Kwa hiyo hutumiwa panya asiye na kinga.

Mwaka 2023 wengine wakalinganisha. Kwa panya wasio na kinga, uvimbe ulidumaa vilevile. Kwa wenye kinga kamili mambo yakageuka: seli za T (askari wa kinga wanaoshambulia uvimbe) zikapungua, uvimbe ukashika kasi, na tiba ya kuamsha kinga ikafifia. Methionini ina salfa, na ikikosekana, bakteria wa utumbo hutoa haidrojeni salfaidi kidogo, ile gesi inayonuka kama yai viza. Kumbe seli za kinga zinaihitaji! Panya waliporudishiwa methionini, kinga ikaamka.

Mama mdogo kinga anayo. Mimi nasema apewe yai lake.

Kutoka Iringa: Mkuu, umesoma nusu. Kazi hiyohiyo ya 2019 ilikuwa na panya wenye kinga yao, wenye sarkoma (saratani ya misuli, mifupa na nyama laini). Kupunguza methionini peke yake hakukusaidia, ila kulipoambatana na mionzi uvimbe ulipunguza mwendo. Usimfanye binamu mpumbavu.

Mwenye mada: Hilo nimelipokea, niliruka. Lakini mama mdogo hapigwi mionzi. Halafu panya walipimiwa chakula kwa gramu, yeye anakatiwa kwa jicho.

Kutoka Tukuyu: Habari zenu, wanangu. Mimi nimemuuguza mume wangu. Kila tulipofika kliniki, kabla ya swali lolote alipandishwa kwenye mizani. Kilo zikishuka, dozi inasogezwa mbele. Huyo binamu amewahi kumpima mama yenu?

Mwenye mada: Hajampima, shangazi. Na nimemuuliza kama kuna watu waliojaribiwa, akajibu wapo. Kweli wapo: 6, wote wazima wa afya, kwa wiki 3, wakaangaliwa mabadiliko ya kwenye damu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na uvimbe. Jumamosi nakwenda Mwanjelwa na trei ya mayai, na daktari wake nitamwuliza mwenyewe siku ya kliniki. Binamu namkaribisha, aje na mizani.