Mrejesho: kidonda cha mama na ile sukari

Habari zenu wapendwa, mimi ndo yule wa Ngamiani, Tanga, niliyeuliza kama kweli sukari inatibu kidonda cha operesheni kilichoingia usaha, mama alifanyiwa ya ngiri mshono ukaachia na harufu ikawa inafika hadi sebuleni. Mlioniambia nisimwage ya jikoni kabla hajaonwa na daktari Mungu awabariki sana, maana ndani kulikuwa na mfuko wa usaha, wakaufungua wakasafisha na sindano akaanzishiwa. Ndo daktari mwenyewe akaruhusu sukari nyeupe, sista anajaza shimo lote anafunika na gozi (kile kitambaa cha kufungia vidonda), asubuhi na jioni. Siku ya kwanza gozi lilitoka limelowa chepechepe nikaogopa, kumbe ndo kazi yake, sukari inavuta maji na bakteria bila maji hawazaliani. Sista akasema kuna nesi mzaliwa wa Zimbabwe, Moses Murandu, kaifanyia utafiti huko Uingereza, utotoni baba yake alikuwa anamwekea kwenye vidonda. Siku ya tano harufu kwisha! Sasa nyama nyekundu imejaa, shimo lililokuwa linameza kidole limebaki kama punje ya hindi. Jana mama kaomba mwenyewe chai na mkate wa kumimina.